Mwili Hauchongwi kwa Njaa

Januari ikifika, jimu za mjini hujaa. Wanaume wanataka kitambi kiondoke na kifua kijae. Wanawake wanataka tumbo lilale na mikono ikaze. Karibu wote huanza kwa njia ileile: asubuhi mbio, mchana kuruka mlo, jioni kupiga tumbo mpaka lishindwe kucheka. Wiki chache baadaye mzani umeshuka na majirani wameanza kusifia. Ngoja miezi mitatu ipite. Suruali inapwaya, lakini shati likivuliwa kioo kinaonyesha mabega yaliyolegea, mikono iliyokonda na tumbo ambalo bado ni laini. Mtu huyo amekonda, ila hajachongeka.

Mwili uliochongeka ni mambo mawili yaliyokutana: misuli iliyojaa, na tabaka jembamba la mafuta juu yake. Misuli iliyofunikwa haionekani, na mafuta yakiondoka pasipo misuli hakuna cha kuonyesha. Anayekula kidogo bila kunyanyua kitu kizito hupunguza vyote viwili kwa mpigo, kwa sababu mwili wenye njaa hauchomi mafuta peke yake. Hula pia misuli ambayo hauoni ina kazi gani, na mzani wa pale nje ya duka la dawa haukwambii kilichoondoka ni kipi. Kwa hiyo kazi ya vyuma, unapopunguza mwili, ni kuulazimisha mwili ubakize misuli. Kazi ya chakula ni kuondoa mafuta bila kuudhoofisha ulinzi huo. Ukiacha kimoja, kingine kinakwenda bure.

Jambo hili lilishuhudiwa vizuri wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1944 mtaalamu wa fiziolojia Ancel Keys, wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, alichukua wanaume 36 waliojitolea ili ajue jinsi ya kuwarudishia afya watu wa Ulaya waliokumbwa na njaa ya vita. Kwa wiki 24 walilishwa kalori 1,570 hivi kwa siku, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kwa wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Nguvu ziliwaisha, miguu ikavimba, wakawa hawana mazungumzo mengine ila chakula. Wapo walioanza kukusanya vitabu vya mapishi. Walipoachiwa kula, mafuta yalirudi haraka kuliko misuli. Na kalori 1,570 ni kiasi ambacho wengi wanaouza mipango ya dayati mitandaoni leo wangekiona kikubwa.

Kuhusu kupiga tumbo, niseme mara moja tuendelee: hakuna zoezi linaloyeyusha mafuta ya mahali unapopafanyisha kazi. Zoezi la tumbo huimarisha misuli ya tumbo. Mafuta hupungua mwili mzima, na mpangilio wa wapi yaanzie umeurithi kwa wazazi wako. Wanaume wengi tumbo huwa la mwisho kukubali. Wanawake wengi, mapaja na nyonga. Basi mikanda ya kutoa jasho, nailoni ya kujifunga kiunoni na sweta zito la kukimbilia juani havichomi chochote. Unachopoteza ni maji, nayo yanarudi ukinywa glasi mbili.

Hesabu ya sahani

Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Mtu mzima wa kilo 75 anayetembea na kufanya mazoezi kiasi hutumia, kwa makadirio, kalori 2,300 hadi 2,500 kwa siku. Akila pungufu ya hapo kwa kalori 400, atapoteza kilo moja ya mafuta kila baada ya siku 19 hivi. Inasikika kidogo. Ndiyo kasi inayofaa. Lengo zuri ni kupungua kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya uzito wako kwa wiki. Kwa huyu wa kilo 75 ni kati ya gramu 375 na 750. Ukishuka kwa kasi zaidi ya hiyo wiki baada ya wiki, jua kwamba misuli nayo inalipia.

Kalori 400 hizo zinatoka wapi? Wengi hukimbilia kuulaumu ugali, nao kweli una mchango: ugali wa robo kilo ya unga ni kama kalori 900, na robo kilo ya unga kwa mwanaume mwenye njaa si kitu cha ajabu. Lakini ukikaa jikoni ukaangalia mkono wa mpishi, utagundua mwizi mwingine. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kalori 120. Robo lita ya mafuta ni kama kalori 2,000, yaani karibu mahitaji ya siku nzima ya mtu mzima. Mboga za majani zenyewe, mchicha au sukuma wiki, karibu hazina kalori. Zikishapikwa zikaelea mafuta hadithi inabadilika. Chapati inapakwa mafuta kwenye unga, inapakwa tena ikisukumwa, kisha inapakwa mara mbili kwenye kikaango. Chipsi mayai sahani moja hufika kalori 800 bila shida, na mpishi mwenye mkono mwepesi wa kumimina anaifikisha 1,000.

Halafu kuna vya kunywa, ambavyo tumbo halivihesabu kama chakula. Soda ya nusu lita ina sukari zaidi ya gramu 50, karibu vijiko 12 vya chai. Chai ya vijiko vitatu vya sukari, vikombe vinne kwa siku, inakaribia kalori 200. Juisi ya embe iliyokamuliwa nyumbani ni tamu na ina vitamini, lakini imebeba sukari ya maembe matatu ambayo usingeyamaliza kwa kuyatafuna. Kwa mtu anayekunywa soda moja kila siku na chai nne za sukari nyingi, kuacha soda na sukari ya kwenye chai tu kunamfikisha kwenye zile kalori 400 pasipo kugusa sahani. Ningeshauri aanzie hapo. Kumnyima mtu ugali wake siku ya kwanza ni kumtafutia sababu ya kuacha siku ya tano.

Kisha ndipo tuiangalie sahani. Kwa mama lishe mgawanyo wa kawaida ni mlima wa ugali au wali, kijiko kimoja cha maharage, kipande cha samaki, na mchicha wa kupamba. Ugeuze. "Shikamoo mama. Naomba ugali nusu, maharage mara mbili, mchicha mwingi, na samaki usimmwagie mchuzi wa juu." Utaulizwa kama unaumwa. "Marahaba mwanangu, vipi leo, tumbo?" Mjibu kwamba unafanya mazoezi, wiki ya pili atakuwa anakupakulia hivyo kabla hujafungua mdomo. Ule mchuzi wa juu ndio uliobeba mafuta: ukitulia dakika moja utayaona yamejitenga, mekundu kwa nyanya.

Sehemu ya protini

Katika vyakula vyote, protini ndiyo inayomhusu zaidi mtu anayetaka misuli ibaki. Kiwango cha chini kinachopendekezwa kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito. Kwa anayenyanyua vyuma huku akipunguza chakula, kiasi hicho hakitoshi. Utafiti mwingi unaelekeza kwenye gramu 1.6 kwa kilo, na wengine hupanda hadi 2. Yule wa kilo 75 anahitaji gramu 120. Protini ina faida nyingine ambayo mwenye njaa ataithamini: inashibisha kuliko wanga na kuliko mafuta.

Gramu 120 zinatisha mpaka uzigawe. Asubuhi mayai matatu ni gramu 18, na nusu lita ya mtindi ni gramu 16. Mchana samaki mwenye nyama ya gramu 150 baada ya kupikwa anakupa 35 hivi, na kikombe cha maharage kilichojaa kinaongeza 15. Usiku dagaa wakavu gramu 50, kabla hawajapikwa, wanatoa 25 au zaidi. Jumla imefika 109, na bado hujahesabu protini iliyomo kwenye ugali, wali na mkate, ambayo ni ndogo lakini ipo. Umefika, na hakuna kopo la unga wa kigeni lililofunguliwa.

Dagaa wanastahili kusemwa zaidi. Kwa bei yao, sijui chakula kingine sokoni kinachowashinda. Karibu nusu ya uzito wa dagaa mkavu, na mara nyingi zaidi, ni protini, na kwa kuwa unamla na mifupa unapata madini ya chokaa yanayohitajiwa na mifupa yako mwenyewe. Shida zao ni mbili. Ya kwanza ni mchanga: wale walioanikwa chini ufukweni huja nao, hivyo toa vichwa, walowe kwenye maji ya uvuguvugu, uwasugue kwa mikono na kubadilisha maji mpaka chini ya bakuli pasibaki kitu. Ya pili ni kikaango. Dagaa waliokaangwa wakawa wakavu wanaolia mdomoni ni watamu, nami siwakatazi siku ya sikukuu, ila wamefyonza mafuta kiasi cha kuharibu hesabu yote. Wachemshe kidogo, uwakaushe kwenye sufuria bila mafuta mpaka waanze kunukia, ndipo utie kitunguu, nyanya, bilinganya au bamia, ndimu na kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria nzima. Kule Kisumu, ambako dagaa huitwa omena, wana namna yao ya kuwamalizia kwa maziwa, nayo inafaa.

Asiyekula nyama wala samaki asikate tamaa. Maharage, choroko, kunde, dengu na soya vina protini nyingi, na upungufu uliomo kwenye protini ya jamii ya kunde huzibwa na nafaka, kama ule wa nafaka unavyozibwa na kunde. Makande, au githeri kama wanavyoita Kenya, ni mlo uliokamilika kwa maana hiyo. Angalia tu karanga. Watu huziita chakula cha protini, na kweli zina gramu 25 kwa kila gramu 100, lakini gramu 100 hizo hubeba kalori zaidi ya 550. Konzi mbili mbele ya televisheni umemaliza nafasi ya chakula cha usiku.

Mwezi wa Ramadhani ratiba hubadilika, na hakuna haja ya kupigana nao. Usijaribu kuongeza uzito wa vyuma mwezi huo. Misuli iliyokwisha kujengwa hulindwa kwa mazoezi machache sana kuliko yaliyoijenga: mara moja au mbili kwa wiki hutosha, mradi uzito unaonyanyua usiushushe. Wengi huona nafuu kufanya mazoezi saa moja hivi baada ya futari nyepesi, au baada ya tarawehe. Futari yetu ya pwani, kwa tambi za sukari, viazi vya nazi, kaimati na uji mtamu, ndiyo inayowanenepesha watu mwezi wa kufunga. Anza na tende na maji, kisha supu ya samaki au ya kuku, na daku iwe na mayai au maharage badala ya chai na mkate tu.

Vyuma, au dumu la maji

Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alichapisha matokeo ya kazi aliyokuwa akiifanya na askari majeruhi katika hospitali ya jeshi mjini Chicago. Mazoea ya wakati ule yalikuwa kumpa mgonjwa wa goti uzito mdogo aurudie mara nyingi. Yeye aliwapa uzito mkubwa, wa marudio machache, na kila walipoimarika akauongeza. Walipona upesi kuliko ilivyozoeleka. Baadaye, akiwa na mwenzake Arthur Watkins, alipendekeza mpango wa seti tatu za marudio kumi, na ndiyo maana mpaka leo ukiingia jimu yoyote, iwe ya Masaki yenye kiyoyozi au ya uani Manzese, utaambiwa "piga tatu za kumi" na mtu asiyejua aliitoa wapi.

Katika hayo yote, kinachofanya kazi ni uzito unaoongezeka. Mwili hubadilika ukilazimishwa kufanya kazi iliyozidi kidogo ile uliyoizoea. Ukiuzoesha pushapu 20 kila siku kwa mwaka mzima, utabaki na mwili wa pushapu 20. Chukua uzito unaoweza kuunyanyua mara 8 kwa umbo zuri, huku ukihisi ungeweza mbili zaidi kwa shida. Kila siku ya zoezi jaribu kuongeza rudio moja. Ukifika 12 katika seti zote, ongeza uzito na urudi kwenye 8. Daftari la shule na kalamu vinatosha kuweka kumbukumbu. Asiyeandika hudanganywa na hisia: siku aliyochoka anadhani ameshuka, siku aliyolala vizuri anadhani amekuwa baunsa.

Siku tatu kwa wiki zinatosha, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa mazoezi yanayotumia misuli mikubwa. Unahitaji zoezi la kuchuchumaa na kusimama, la kuinama kwa nyonga na kuinuka na mzigo, la kusukuma, kama pushapu au kulala kwenye benchi na kupeleka chuma juu, la kuvuta, na la kupandisha mzigo juu ya kichwa. Wiki mbili za mwanzo fanya seti mbili za kila moja, kisha tatu. Pumzika dakika mbili kati ya seti. Vijana hawapendi kupumzika, wanaona wanapoteza muda, lakini seti inayofuata ikikosa nguvu faida inapungua. Zoezi lote lisizidi saa moja na robo.

Huna jimu? Maji ni mzani mzuri kuliko unavyodhani, kwa kuwa lita moja ni kilo moja. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 na uzito wa ndoo juu yake. Tatizo la dumu lililojaa nusu ni kwamba maji hucheza na kukuvuta upande. Ndiyo maana begi la mgongoni lenye chupa za lita moja na nusu ni bora: kila chupa iliyojaa ni kilo moja na nusu, hazichezi ukizibana kwa kanga au taulo, na unaongeza moja moja. Vaa begi kwa mbele, kifuani. Miguu iachane kwa upana wa mabega, vidole vimetazama nje kidogo. Shuka kana kwamba kuna kigoda nyuma yako, magoti yakifuata uelekeo wa vidole, kisigino kisinyanyuke sakafuni. Shuka mpaka mapaja yalale sambamba na sakafu, au chini zaidi kama mgongo haupindi. Wengi wetu tumekua tukichuchumaa kufua, kuota moto na kupepeta mchele, hivyo umbo hili tunalo tangu utotoni. Waliokaa ofisini miaka mingi ndio watakaohitaji wiki kadhaa kulirudisha.

Kuvuta ndiko kunakowashinda watu wa nyumbani. Bomba imara kati ya kuta mbili, au tawi la mwembe lisilo kavu, linatosha. Ukishindwa kujinyanyua hata mara moja, panda juu ya kigoda kidevu kiwe juu ya bomba, kisha ujishushe polepole kwa kuhesabu mpaka tano. Seti tatu za tano kwa wiki kadhaa na siku moja utashangaa umejinyanyua mwenyewe. Njia nyingine ni kuegemea benchi kwa mkono mmoja na kuvuta dumu kwa mwingine mpaka kiwiko kipite ubavu. Usitumie mwamba wa goli la mpira kama goli halijachimbiwa. Magoli ya kuhamishika hupinduka.

Kwenye jimu za uani vyuma vingi ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Havina aibu yoyote, misuli haijui kiwanda. Kopo la lita nne likijazwa zege hufika kilo 9 hivi, lakini fundi aliyechanganya mchanga zaidi upande mmoja anakuachia bomba linaloinama kushoto. Kabla hujaweka shingo yako chini yake, peleka makopo dukani yakapimwe kwenye mzani wa mchele, uandike kilo kwa chokaa ubavuni. Na ukilala kwenye benchi na mzigo mzito, awepo mtu kichwani pako. Hilo halina mjadala.

Mbio na mchakamchaka wa klabu za jogging za Jumamosi asubuhi ni vitu vizuri. Moyo unavihitaji, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki pamoja na siku mbili au zaidi za mazoezi ya nguvu. Ila vifanye kwa sababu hizo. Mtu wa kilo 75 akikimbia kilomita 5 huchoma kalori kama 375. Wanaomalizia mbio zao Coco Beach kwa sahani ya mihogo ya kukaanga na soda wamezirudisha kabla jasho halijakauka, na faida juu. Kutembea kwa miguu kunasaidia zaidi katika kupunguza mwili kuliko watu wanavyofikiri, kwa kuwa hakuamshi njaa kali na hakuchoshi miguu itakayochuchumaa kesho. Shuka kituo kimoja kabla ya chako, asubuhi na jioni.

Hofu na njia za mkato

Wanawake wengi hukataa uzito mkubwa kwa kuogopa kuwa na mwili wa kiume. Homoni ya testosteroni, inayochangia sana ukubwa wa misuli ya wanaume, mwanamke anayo kwa sehemu ndogo tu ya kiasi cha mwanaume. Atapata mabega yenye umbo, makalio yaliyokaza na mifupa imara itakayomfaa akishapita umri wa hedhi. Vile vyuma vidogo vya rangi ya waridi vya kilo moja, ambavyo mkoba wake wa kila siku unavizidi, havitampa hayo. Onyo lake ni tofauti: hedhi ikivurugika au kukata wakati anapunguza mwili, ajue anakula kidogo mno. Aongeze chakula, na amwone daktari. Pia mwanamke anahitaji mafuta mengi mwilini kuliko mwanaume ili homoni zake ziende sawa, hivyo tumbo la vipande sita analoliona kwenye picha ya mshindani mara nyingi lilidumu wiki chache za mashindano, na huenda mwenyewe hakujisikia vizuri alipokuwa nalo.

Unga wa protini unaouzwa kwenye makopo mara nyingi ni protini ya maziwa iliyokaushwa, basi. Una manufaa kwa mtu asiye na muda wa kupika na mwenye fedha. Hauna uwezo wowote ambao mayai na mtindi havina. Kreatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku, ni miongoni mwa virutubisho vichache vilivyochunguzwa vizuri na kuonekana kusaidia nguvu kwa watu wazima wenye afya. Huongeza maji ndani ya misuli, kwa hiyo mzani ukipanda kilo moja usishtuke. Chai za kupunguza tumbo nyingi zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Zinapunguza maji na kinyesi. Mafuta hayaguswi.

Sindano ni habari nyingine. Steroidi za kujenga misuli hufanya kazi, na ndiyo maana zinauzwa kwa siri kwenye jimu. Gharama yake ni korodani kusinyaa na mbegu kupungua, shinikizo la damu, moyo kutanuka, ini kuumia. Kwa mwanamke, sauti nzito isiyorudi. Sindano yenyewe, ikitoka kwa mtu asiyejulikana, inaweza kuwa na chochote ndani. Vidonge vya deksamethasoni, ambavyo wengine huvinywa ili wanenepe, ni steroidi za namna nyingine kabisa: huvimbisha uso, hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na hata kuila misuli. Aliyevitumia kwa muda mrefu asiviache ghafla bila daktari, kwa kuwa kuviacha ghafla nako ni hatari.

Wapo wasiopaswa kuanza mpango huu peke yao. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, mwenye ugonjwa wa figo, na mwenye maumivu ya kifua anapopanda ngazi, wote wapitie kwa daktari kwanza. Mjamzito na anayenyonyesha wasijipunguzie chakula. Vijana walio chini ya miaka 18 wanaruhusiwa kunyanyua wakiwa na msimamizi, ila wale vya kutosha, wangali wanakua.

Kujipima

Jipime uzito asubuhi baada ya kutoka msalani, kabla ya chai, mara tatu au nne kwa wiki, kisha uchukue wastani. Uzito wa siku moja unayumba kilo moja au mbili kwa sababu ya chumvi, maji na ulichokula jana, na haukwambii kitu. Futi kamba ya fundi cherehani ni ya kuaminika zaidi: izungushe usawa wa kitovu bila kuvuta tumbo ndani, mara moja kwa wiki. Kwa afya, kiuno kinatakiwa kiwe chini ya nusu ya urefu wako, kwa hiyo mtu wa sentimita 170 asivuke 85. Kiuno kikipungua huku uzito wa vyuma ulioandika daftarini ukipanda au kubaki palepale, unachopoteza ni mafuta. Kiuno na nguvu vikishuka pamoja, unakula kidogo mno, hulali vya kutosha, au vyote viwili. Usingizi wa saa saba hadi tisa ni sehemu ya mpango huu. Anayelala saa tano hupata njaa zaidi na hupoteza misuli zaidi kwa chakula kilekile.

Wiki tatu zikipita bila kiuno wala wastani wa uzito kusogea, usikimbilie kupunguza ugali. Pima kwanza mafuta ya kupikia kwa kijiko kwa siku nne, kwa sababu mkono husahau. Angalia vya kuonja jikoni, mabaki ya watoto, na andazi la saa nne ofisini. Kama vyote viko sawa, punguza kalori 150 hivi, au ongeza nusu saa ya kutembea, na ungoje wiki mbili nyingine kabla ya kubadili kitu. Baada ya wiki 12 za kupunguza, rudisha chakula kwenye kiasi kinachoshikilia uzito kwa wiki mbili hadi nne, vyuma vikiendelea kama kawaida, ndipo uanze awamu ya pili ikiwa bado kuna cha kupunguza.